Mwanamke wa Nyuma ya Pazia

Kolwezi, Manika, tarehe 9 Machi 2024

Yaya Odile,

Kuna kitu sijamwambia mtu hata mmoja, na katika sala zangu pia nakipitia pembeni. Nyuma ya pazia la bluu la kanisa letu kuna mwanamke, na mimi peke yangu ndiye ninayeujua uso wake.

Hunijui, ingawa nakuita Yaya, dada mkubwa. Mwezi wa pili ulikuja shuleni kwetu, ukatundika shuka jeupe ubaoni na kutuonyesha picha za majumba ya saruji yenye mbavu za nje, na kuta zilizojaa wafanyakazi wenye mikono ya mraba. Ulisema zilijengwa na watu wa Yougoslavie na wenzao, watu walioamini kwamba mfanyakazi anastahili kuchorwa mkubwa kuliko mkubwa wake. Halafu ukauliza, "Nani kati yenu anajua ukuta wa namna hii hapa Kolwezi?" Gael akasema, "Madame, kuta za kwetu ziko na nyufa tu," watu wakacheka. Mimi nilikuwa benchi la tatu, upande wa dirisha. Mkono wangu uliinuka ukafika kwenye sikio, pale nikajifanya najikuna.

Sasa ndiyo najibu.

Kanisa letu zamani lilikuwa klabu ya wafanyakazi wa mgodi. Walikuwa wanakunywa bia mle ndani baada ya kazi. Mwaka jana mvua ilipenya kwenye paa, kipande cha chokaa kikaanguka nyuma ya pazia, na jicho likanitazama. Jicho, Yaya! Nilikuwa nafagia. Nilipiga kelele kama kuku, nikakimbia hadi mlangoni, halafu nikarudi kuangalia.

Tangu hapo, kila Jumamosi kabla wanakwaya hawajafika, nalowesha chokaa kwa kitambaa, naiacha inywe maji, kisha naikwangua taratibu kwa mkia wa kijiko. Nimefika kwenye kidevu na bega moja. Uso wake umepangwa kwa vipande vidogo vya mawe, vya rangi ya udongo na vingine karibu vya waridi. Begani nguo yake ni malakiti, lile jiwe la kijani ambalo watu wanachonga visahani vya majivu vya kuuzia wageni. Nywele ni nyeusi, hazing'ai. Na mdomo uko wazi. Nadhani anaimba. Sisi tunaimba mbele yake na yeye nyuma yetu, labda ndiyo maana sauti yangu mimi haijawahi kusikika.

Shida ni Pasteur Ntambwe. Ndiye aliyeufunika ule ukuta, miaka kumi hivi iliyopita, wakati watu wa mtaa wa Kasulo walipoanza kuchimba madini chini ya vitanda vyao. Kila akihubiri anasema nyuma ya pazia kuna sanamu ya shetani, mtu asisogee. Watu wanaogopa. Mimi pia naogopa, lakini nasogea.

Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu simu ya nyumbani ni moja na inapita mikononi mwa wote. Papa François, dereva wa basi la Lubumbashi, ni jirani yetu, atakuletea. Barua hii niliianza mara tatu kwa Kifaransa nikaichana. Kwa Kifaransa nakuwa mwanafunzi, naandika "nina heshima ya kukujulisha". Kwa Kiswahili nakuwa mimi.

Niambie: huyu mwanamke ni nani?

Tshiela, benchi la tatu


Lubumbashi, 18 Machi 2024

Mdogo wangu Tshiela,

Nilikuona ukijikuna. Nilifikiri una chawa.

Barua yako niliisoma nimesimama mlangoni, Papa François akiwa bado hajaondoka, akaniuliza kama kuna msiba. Nikamwambia hapana, ni kinyume chake.

Sikiliza. Nilisoma sanaa Belgrade, uliokuwa mji mkuu wa Yougoslavie. Nchi iliyowatuma wale mafundi kwenu haiko tena, imegawanyika vipande, lakini kuta zake bado zimesimama, na mimi nilikuwa nikizunguka kuziangalia kama mtu anayetafuta ndugu. Siku moja katika gazeti la zamani nikaona picha nyeusi na nyeupe: wanaume wenye kofia za mgodi wamejipanga, chini imeandikwa "Kolwezi". Nyuma yao kuna paji la uso la mwanamke na nywele zake. Mabega yao yamefunika yote yaliyobaki. Tangu wakati huo ninamtafuta. Nimepita Likasi, nimepita Dilolo mpaka kwenye reli, watu wananiambia labda ukuta ulibomolewa.

Kumbe uko naye, kwenye mkia wa kijiko.

Nina maswali, nisamehe. Mikono yake inashika nini? Kwenye kuta za namna ile mwanamke hakai mikono mitupu: anashika kitabu, au mtoto, au nyundo. Na huo mdomo, sidhani kama anaimba. Wakati ule watu wa ukutani walikuwa na neno la kupigia kelele: umoja, kazi, mbele! Tena hizo nywele: ni kioo kilicholetwa toka kwao, au ni jiwe la kwenu? Kwangu ni swali kubwa. Kama ni jiwe la kwenu, basi hawakuja tu na picha yao mkononi. Kipande kikianguka chenyewe, jaribu kujua.

Nina maonyesho yangu hapa mwezi wa saba. Ningependa huyu mwanamke awe katikati.

Kuhusu huyo Pasteur, usimjali. Nawajua watu wa namna yake. Wanaogopa picha kwa sababu haijibu "amina".

Yaya yako,
Odile Mushiya


Kolwezi, 30 Machi 2024

Yaya Odile,

Pasteur Ntambwe ni papa yangu.

Sikukudanganya, sikumalizia tu. Ufunguo wa kanisa niko nao kwa sababu mimi ni mtoto wake. Papa si mtu wa namna ile uliyosema. Bukari ya mahindi ikiungua sufuriani, anakula yeye ile ya chini na kusema ndiyo anayoipenda. Ukimwita tena "watu wa namna yake" nitaendelea kukuandikia, lakini nitakuandikia nikiwa nimekasirika. Nimesema. Ni kama nimekujibu mbele ya darasa.

Sasa habari njema. Kipande kimoja cha nywele kilianguka chenyewe, kidogo kama ukucha wa gumba. Nikafanya kile ambacho kila mtu wa Kolwezi angefanya akitaka kujua jiwe ni la namna gani: nikakipeleka depo, kule wanakonunulia mawe ya wachimbaji. Ruffin, kaka yake Princesse wa darasa letu, ndiye anayekaa na mashine. Inafanana na kile cha kukaushia nywele saluni. Unaielekeza kwenye jiwe, inalia, namba zinatokea.

"Tshiela, mutoto ya Pasteur!" akasema. "Weye pia unaanza kuchimba? Yesu hatoshi tena?"

"Minataka tu kujua iko jiwe gani."

Akaelekeza mashine, akacheka. Akaelekeza tena, safari hii hakucheka.

"Kobalti. Na iko safi, haina udongo. Unaitoa wapi?"

"Niliokota."

"Wapi?"

Unajua mimi nikiulizwa mara mbili, Yaya. Sauti inakwisha na ukweli ndio unaobaki. Nikasema, "Ku kanisa."

"Ku kanisa!" Akapiga makofi. "Mi niko natafuta mbingu kule Kasulo, kumbe iko kwenu!"

Basi jibu lako ndilo hilo: si kioo. Nywele zake ni jiwe la hapa hapa. Nilirudi nyumbani nikikimbia kwa furaha. Ni mara ya kwanza mtu ananituma kutafuta kitu nami nakipata.

Mikono bado iko chini ya chokaa. Lakini nimeona kitu: kando ya mdomo kuna ncha ya kidole. Kidole kinatafuta nini pale?

Tshiela


Lubumbashi, 5 Aprili 2024

Tshiela mdogo wangu,

Kwanza, samahani kwa neno nililosema juu ya papa yako. Umefanya vizuri kukasirika.

Pili, usirudi tena depo. Kosa ni langu. Nilikuuliza jiwe hilo ni nini kana kwamba unaishi Belgrade. Mimi nilitaka rangi, Ruffin amesikia pesa. Kichwa cha mwanamke kimejaa kobalti, nyuma ya pazia la kitambaa, katika nyumba ambayo hata wewe unajua kufuli yake ilivyo dhaifu. Umeelewa?

Mwambie papa yako kabla Ruffin hajamwambia. Leo, ukiweza.

Na mimi nina la kwangu. Kadi za mwaliko zimeshachapwa, zimeandikwa "ukuta wa Kolwezi". Ziko mezani hapa. Kila nikitaka kuzigawa nawaza watu watakaozisoma, halafu nazirudisha kwenye bahasha.

Odile


Kolwezi, 19 Aprili 2024

Yaya Odile,

Sikumwambia. Nilijaribu. Nilimpelekea chai nikasema, "Papa." Akasema, "Eeh?" Nikasema, "Sukari iko ndani." Basi.

Jumapili iliyofuata Ruffin alikuja kanisani, yeye ambaye tangu ubatizo wake hajarudi. Alivaa suti. Wakati wa sala wote tulifumba macho, mimi nikafumbua moja: alikuwa anatazama pazia. Baada ya ibada akaenda kwa Papa Tharcisse, rais wa kamati ya kanisa, akisema ana bwana mmoja mwema anayetaka kutujengea paa jipya, mabati mazito, hata madirisha. Anaomba kitu kidogo tu: ukuta wa nyuma ubomolewe, umeshachoka, na yeye atabeba mawe yake bure.

Kamati ilifurahi kama harusi. Niliwasikia sebuleni kwetu. Papa alisema polepole, "Ule ukuta tuache."

Papa Tharcisse akajibu, "Lakini Pasteur, si weye njo unatuambia kila siku kuko shetani mule? Basi atoke! Mungu anatuma paa, shetani anaenda zake, tunataka nini tena?"

Nikasikia Papa akikusanya vikombe vya chai. Kazi hiyo huwa ni yangu. Wamepanga kuamua Jumapili tarehe 28, mbele ya kanisa zima.

Nikamfuata mama jikoni. Nikamuuliza kwa nini Papa anamtetea shetani wake. Mama aliendelea kusonga bukari, halafu akasema bila kunitazama:

"Papa yako njo alipaka ile chokaa, peke yake, mulango amefunga. Alirudi na macho mekundu, akasema ni vumbi. Tshiela, mule ukutani muko jiwe yake. Alikuwa mutoto mudogo. Bale bafundi ba Yougoslavie balikosa rangi nyeusi, bakaambia batoto ba kambi ya bafanyakazi: kila mutu alete jiwe moja nyeusi. Ile wakati kobalti ilikuwa takataka, ilikuwa inatupwa, batoto banachezea. Kila mutoto akaleta, akaonyeshwa pa kuweka. Kisha mwaka wa tisini na tatu bakatufukuza sisi batu ya Kasai, bakisema hatuko ba hapa, tukapanda treni na masufuria. Tuliporudia, nyumba ya nkambo yako, papa ya papa yako, ilikuwa na batu ingine. Klabu ilikuwa bado. Papa yako aliingia, akaenda kushika ile ukuta na mukono."

"Na shetani?"

"Shetani!" Mama akacheka kidogo. "Kasulo ilipoanza kutoboka, aliona batu banatoboa hata vyumba vya kulala. Akafikiri: watu wa Kolwezi bataogopa nini? Polisi hapana. Basi akaweka shetani kuwa mulinzi."

Unaona, Yaya? Akisema "tusibomoe", watamuuliza kwa nini anamlinda shetani. Akisema ukweli, kila mwenye nondo atajua kilichomo. Alifunga mlango huo vizuri sana kwa miaka yote hii, na mimi nikaufungua kwa kijiko.

Siku nzima nazunguka na sentensi moja mdomoni, haitoki. Nafikiri sasa ninauelewa ule mdomo wazi. Labda na yeye kuna kitu anashindwa kusema.

Tshiela


Lubumbashi, 24 Aprili 2024

Tshiela,

Kadi nimezichoma kwenye mbabula, juu ya makaa. Papa François alinikuta nikipepea moshi akasema sasa ameamini kwamba ni msiba.

Usinihesabie hilo kama wema. Nilikaa siku nne nikitafuta namna ya kumwonyesha bila kumwonyesha. Haipo. Maonyesho yatafanyika bila yeye, au hayatafanyika. Watu waliouliza watajibiwa kwamba sikuupata.

Lakini yale uliyoniandikia kuhusu mawe ya watoto yamenigeuza. Mimi kwa miaka yote nilikuwa nauliza wao walituletea nini. Sikuwahi kuuliza watoto wa kambi walipeleka nini pale. Wale wanaume kwenye picha ya gazeti, labda kila mmoja alikuwa na mtoto wake kwenye nywele zile.

Jumapili mimi sitakuwepo, na ningekuwepo nisingekuwa na haki ya kusema. Papa yako ataamua lake. Wewe una lako. Si lazima uliseme kwa mdomo, wewe ni mtu wa karatasi.

Nieleze kidole kile, tafadhali. Silali.

Odile


Kolwezi, Jumapili tarehe 28 Aprili 2024, baada ya chakula

Yaya Odile,

Nakuandikia nikiwa bado na nguo ya kwaya.

Papa hakuhubiri. Alisoma Zaburi, akafunga Biblia, akaenda kushika pazia. Watu wa mbele wakarudi nyuma na viti vyao. Mama Brigitte, yule mzee anayeuza samaki wa kukausha, akasema kwa sauti, "Pasteur, utatuua!" Papa akalivuta.

Yeye alitegemea kukuta chokaa yake. Sikuwa nimewaza jambo hilo hata kidogo. Uso ulikuwa wazi wote, na jua la asubuhi lilimwingia kwenye shavu. Papa alisimama mgongo kwetu. Watoto wakaanza kukohoa. Nikaona mkono wake ukipanda, ukatafuta kwenye nywele, juu kidogo ya sikio, ukatulia pale.

Alipogeuka alisema, "Bandugu, nilibadanganya. Huyu hakuwa shetani hata siku moja. Niliweka uongo mbele yake kama vile mutu anaweka imbwa ku mulango. Mule kwa nywele muko jiwe yangu. Nilikuwa na miaka saba."

Papa Tharcisse akafungua mdomo, lakini Mama Brigitte alikuwa ameshasimama. Akatembea na fimbo yake mpaka mbele, akachungulia. "Yangu je?" akasema. "Nilifikiri balishaivunja zamani! Mi niliweka karibu na sikio! Na mukono wake iko wapi? Mukono ilikuwa ku kinywa, hivi!" Akaweka kiganja kando ya mdomo wake.

Anaita, Yaya. Anaita mtu aliye mbali. Kile kidole ndicho hicho.

Basi kanisa likachafuka kwa maneno. Wazee wote waliokulia kambini wakasogea mbele. Mmoja anasema jiwe lake liko kwenye paji, mwingine anasema unadanganya, wewe ulikuwa na homa siku ile, ni dada yako aliyeweka. Nikajipa ujasiri nikamuuliza Mama Brigitte: anamwita nani? Akasema mafundi waliwaeleza kwamba anaita wafanyakazi wa dunia yote wasimame pamoja. "Lakini hii ilikuwa nyumba ya bia, mwanangu. Baba zetu balikaa hapa mpaka usiku. Bote balisema anabaita barudie nyumbani, bukari imepoa. Papa yangu alikuwa anamujibu, 'Ninakuya, mama, namaliza hii moja tu!'"

Nimecheka mpaka nikalia. Basi wewe ulikuwa sahihi, ni kelele ya umoja, na wao pia walikuwa sahihi.

Papa Tharcisse akauliza, na paa? Itaendelea kuvuja? Mama Brigitte akamjibu, "Ivuje!" Hakuna aliyenyanyua mkono kwa ajili ya kubomoa. Ruffin alikuwa amekaa nyuma na suti yake. Akasema, si kwa ubaya, "Lakini Pasteur, sasa bote banajua."

Papa akasema, "Njo vile. Mi peke yangu nilichoka kulinda. Sasa bote balinde."

Vijana wa kwaya wameshagawana zamu. Sijui kama itatosha, Yaya. Kolwezi unaijua. Ruffin aliondoka bila kumuaga mtu. Lakini Mama Brigitte amehamishia kibanda chake cha samaki mbele ya mlango wa kanisa, leo leo, na harufu ile peke yake ni polisi. Na Papa amesema mkono ufunguliwe, polepole, watu wote wakiwepo. Nadhani mtu anayejua kazi hiyo angehitajika. Nadhani ungekuja. Bila kamera kwanza.

Sasa nakwambia lililobaki. Mwishoni, watu wakiwa tayari wamesimama, Papa alisema, "Kuna mutu alifungua huu uso. Nimeangalia, hakuna mukwaruzo hata moja. Alifanya na upendo. Ninataka kumujua."

Nilikuwa safu ya pili ya kwaya. Mkono wangu uliinuka ukafika kwenye sikio.

Nikajikuna.

Nina aibu kuliko siku ile ya darasani. Nimekaa kwenye meza ya chakula, barua zako zote ziko hapa mbele yangu, pamoja na kijiko. Kila siku nikisikia mtu koridoni nasukuma karatasi chini ya kitabu cha nyimbo, mkono umeshazoea, unafanya wenyewe. Sasa hivi nasikia kandambili za Papa. Anazivuta, ya kulia zaidi, ndivyo anavyotembea akiwa amechoka na akiwa anawaza. Amepita chumba cha mama. Amesimama. Anakuja.

Kitabu cha nyimbo nimekisukuma mbali. Karatasi iko wazi, ataona jina lake kwenye mistari mingi kabla hajaona la kwako. Mlango unasogea. Naandika kwa mkono wa kulia, Yaya. Wa kushoto uko juu, na sijikuni.

Tshiela